Posho, Ada na Arubuni: Historia ya Malipo ya Shahidi Mtaalamu katika Mahakama za Dar es Salaam, 1920–2021

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya malipo ya shahidi mtaalamu katika mahakama za Dar es Salaam, kuanzia kuanzishwa kwa Mahakama Kuu ya Tanganyika hadi Kiswahili kilipotambuliwa kisheria kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021. Inajadili tofauti kati ya gharama za kumfikisha shahidi mahakamani na ujira wa kazi yake ya kitaalamu. Tofauti hiyo ilikuwamo katika sheria tangu enzi ya ukoloni, lakini ilifunikwa kwa muda mrefu na ukweli kwamba mtaalamu aliyefika mahakamani alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara. Hoja kuu ni kwamba kurejea kwa mtaalamu binafsi baada ya 1991 kumelifufua swali la nani analipa bei ya maarifa, lini, na kwa mkono wa nani. Insha inahitimisha kwamba malipo ya awali yakipita mikononi mwa mahakama hulinda uhuru wa shahidi kuliko deni linalosubiri hukumu, na kwamba kanuni ya kuyapitisha huko tayari imo katika sheria.

1.0 Utangulizi

Eneo linaloitwa Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, limekusanya ndani ya mwendo mfupi wa miguu karibu kila kinachohitajika ili elimu igeuke kuwa ushahidi. Mahakama Kuu inatazama bandari katika barabara ya Kivukoni. Mahakama ya Hakimu Mkazi iko Kisutu. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko katika barabara iliyoitwa Ocean Road, ambayo sasa ni Barack Obama, jirani na hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Katika Mtaa wa Samora na mitaa inayoukata zimo ofisi za mawakili, wakaguzi wa hesabu, wathamini na wahandisi washauri. Upande wa pili wa Mnazi Mmoja iko Kariakoo, ambako nyumba za Kiswahili zimepisha maghorofa, na ambako mgogoro wa ubia, mpaka, thamani ya kiwanja au uimara wa jengo hauwezi kuamuliwa kwa ushahidi wa macho peke yake.

Pamoja na ukaribu huo, historia ya mahakama nchini imeandikwa zaidi kupitia kwa majaji, mawakili, wazee wa baraza na washitakiwa. Shahidi mtaalamu huonekana pale tu maoni yake yanapokubaliwa au kukataliwa, na namna alivyolipwa haionekani kabisa. Upungufu huo si mdogo. Masharti ya malipo ndiyo yanayoamua kama mtaalamu atapatikana, kama atafika siku ya shauri, na kama atakaposimama kizimbani atakuwa huru kusema lisilompendeza aliyemwita. Mahabusu anayesubiri daktari aje kuthibitisha ripoti yake, na mjane anayehitaji mthamini ili ajue haki yake katika kiwanja cha familia, wote wanaishi ndani ya swali hili hata kama hawalijui kwa jina.

2.0 Asili ya Kanuni: kutoka Norfolk hadi Kivukoni

Mtaalamu anayeitwa na upande mmoja wa shauri ili atoe maoni ni zao la sheria ya Uingereza ya karne ya 18. Katika shauri la Folkes dhidi ya Chadd la 1782, lililohusu kujaa mchanga kwa bandari ya Wells huko Norfolk, Lord Mansfield aliruhusu maoni ya mhandisi John Smeaton yapokelewe, kwa hoja kwamba katika jambo la sayansi wenye elimu ya jambo hilo ndio wanaoweza kuisaidia mahakama. Uamuzi huo ulifungua mlango, na swali la ujira likaingia papo hapo. Shahidi wa kawaida huja mahakamani kwa wajibu wa raia, maana aliona au alisikia jambo ambalo hakuna mwingine awezaye kulisema kwa niaba yake. Mtaalamu hakuona kitu. Analeta elimu ambayo wenzake wa fani ileile pia wanayo. Katika shauri la Webb dhidi ya Page la 1843 tofauti hiyo ilitamkwa waziwazi: aliyeona tukio analazimika kuja, bali anayeitwa kwa ajili ya ujuzi wake halazimiki kwa namna ileile, na anayemtaka hana budi kumlipa fidia ya muda wake.

Mawazo hayo yaliifikia Tanganyika kwa njia ya India. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Amri ya Mfalme katika Baraza ya 1920 iliunda Mahakama Kuu ya Tanganyika, na sheria kadhaa za India zikaanza kutumika nchini, zikiwamo Sheria ya Ushahidi ya 1872 na Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1908. Ya kwanza, katika kifungu cha 45, ilieleza ni maoni ya nani yapokelewe: wenye ujuzi maalumu katika sheria za kigeni, sayansi, sanaa au utambuzi wa mwandiko. Alama za vidole ziliongezwa mwaka 1899, miaka miwili baada ya Calcutta kuwa na ofisi yake ya alama hizo. Ya pili ilieleza jinsi ya kulipa. Amri yake ya XVI, kanuni ya 2, ilimtaka mwenye shauri anayeomba hati ya wito aweke mahakamani, kabla hati haijatolewa, fedha za kutosha nauli na matumizi mengine ya shahidi pamoja na siku moja ya kuhudhuria. Kwa shahidi mtaalamu kanuni hiyo iliongeza jambo moja: mahakama iliweza kuruhusu ujira wa kiasi kwa muda atakaoutumia kutoa ushahidi, na pia kwa kazi yoyote ya kitaalamu iliyo ya lazima kwa shauri.

Kanuni hii ina mambo matatu yanayostahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza, inatenganisha vyungu viwili, cha gharama za safari na cha ujira wa utaalamu. Pili, inatambua kwamba kazi ya mtaalamu huanza kabla ya kizimbani, katika kusoma majalada, kupima, kuchora na kuandika ripoti. Tatu, inataka fedha zitangulie, na zipite mikononi mwa mahakama. Bunge la Tanzania lilipotunga Sheria ya Mwenendo wa Madai Na. 49 ya 1966 kushika nafasi ya ile ya India, Amri ya XVI iliendelea kuwamo. Sheria ya Ushahidi Na. 6 ya 1967 nayo, katika kifungu cha 47, ilibakiza maoni ya wataalamu katika mipaka inayokaribiana na ile ya zamani. Kwa hiyo, msingi wa kisheria wa kumlipa shahidi mtaalamu haujawahi kukosekana Dar es Salaam tangu miaka ya 1920. Kilichobadilika ni mazingira ya kuutumia.

3.0 Mtaalamu wa Serikali na Ujira Usioonekana

Katika miongo ya utawala wa Waingereza, sayansi iliyohitajika mahakamani ilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya serikali. Maabara iliyotokana na ile ya Wajerumani ya 1895, iliyoanzishwa kwa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, iliendelea kuwa chanzo cha uchunguzi wa kikemia. Daktari aliyefungua maiti alikuwa wa hospitali ya serikali. Aliyelinganisha mwandiko au alama za vidole alikuwa wa jeshi la polisi. Hawa wote walikwisha kulipwa kabla ya shauri kuanza, kwa mshahara wa mwezi. Walipoitwa mahakamani hawakuwa na sababu ya kujadiliana juu ya ada, maana walichohitaji ni nauli na posho ya kujikimu.

Mpangilio huo ulikuwa na faida iliyo wazi. Mshahara wa mwezi hauongezeki mshitakiwa akitiwa hatiani, wala haupungui akiachiwa. Lakini ulificha bei. Kwa kuwa mwenye shauri hakuona ankara, utaalamu ulionekana kama kitu cha bure, sehemu ya samani za mahakama. Aidha, utaalamu huo ulikuwa karibu na upande mmoja kuliko mwingine. Upande wa mashtaka ulikuwa na maabara, daktari na mtambuzi wa mwandiko kwa sababu wote walikuwa watumishi wa serikali ileile inayoshtaki. Mshitakiwa aliyetaka maoni mengine alipaswa kuyanunua, katika mji ambao wauzaji wake walikuwa wachache.

Katika mashauri ya madai hali ilikuwa tofauti kidogo, hasa miongoni mwa wafanyabiashara wa mitaa ya kati. Vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wengi wenye asili ya India viliandikwa kwa Kigujarati, na kuvisoma kulihitaji mfasiri na mhasibu. Uzito wa jambo hilo ulidhihirika mwaka 1923, sheria za leseni na kodi ya faida zilipoleta mgomo wa kufunga maduka. Miongoni mwa manung'uniko ya wafanyabiashara lilikuwamo sharti kuhusu lugha ya kuandikia vitabu. Chini ya mgogoro wa kodi kulikuwa na swali la gharama ya utaalamu: serikali isiyoweza kusoma kitabu ingemlipa msomaji, au ingemtaka mwenye kitabu abebe gharama ya kukifanya kisomeke? Swali hilohilo, kwa sura nyingine, ndilo linaloulizwa kila mara mahakama inapohitaji ujuzi isiokuwa nao.

4.0 Mshahara Mmoja: 1967 hadi 1991

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliimarisha sura ya mtaalamu kama mtumishi wa umma na kuipa msingi wa kimaadili. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika kampuni, na kupangisha nyumba, na neno kiongozi lilijumuisha watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu. Mhandisi mwandamizi, daktari bingwa au mthamini wa wizara aliyepata ada binafsi kwa ujuzi ambao umma ulikuwa umemlipia kuusomea angekuwa akienda kinyume na roho ya Azimio, hata kama ada ya mara moja si mshahara kwa maana finyu ya neno hilo. Miaka kumi baadaye sheria ya 1977 kuhusu hospitali binafsi ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, na hivyo ikaondoa kundi la madaktari ambao wangeweza kuwa mashahidi wasio waajiriwa wa serikali au wa taasisi za hisani.

Katika kipindi hicho sheria ya jinai ilizidi kutegemea hati. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai Na. 9 ya 1985 iliruhusu ripoti ya mkemia wa serikali na ya daktari ipokelewe kama ushahidi bila mwandishi wake kufika. Kifungu cha 240 kiliweka sharti moja kwa mahakama za chini: mshitakiwa aelezwe haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Kwa mtazamo wa malipo, utaratibu huu ulikuwa njia ya kubana matumizi, kwa kuwa karatasi haihitaji nauli wala posho. Lakini kubana matumizi huko kulikuwa na bei yake. Mahakimu waliposahau kumweleza mshitakiwa haki hiyo, ripoti za daktari zilizojazwa katika fomu ya polisi namba 3, maarufu kwa jina la PF3, zilifutwa katika kumbukumbu mashauri yalipofika kwenye rufaa. Mshitakiwa alipoidai haki hiyo, shauri liliweza kuahirishwa mara kwa mara likimsubiri daktari aliyehamishiwa mkoa mwingine. Gharama iliyoonekana kuepukwa katika hesabu za serikali ililipwa kwa siku za mahabusu na kwa uchovu wa mlalamikaji.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliweka mapema mipaka ya mamlaka ya mtaalamu. Katika shauri la mauaji lililoripotiwa mwaka 1980, ambamo hali ya akili ya mshitakiwa ilikuwa na mgogoro, ilisema kwamba mahakama haifungwi na maoni ya daktari endapo ipo sababu nzuri ya kutoyafuata. Msimamo huo unahusiana na malipo kuliko unavyoonekana. Mahakama ikiwa huru kuyapima maoni, inapaswa pia kuwa huru kujua mazingira yaliyoyazaa: mtaalamu alipewa muda gani, alichunguza nini, na nani alimwezesha. Kwa mtumishi wa umma maswali hayo yalijibiwa kwa ufupi kwa cheo chake. Kwa mtaalamu wa kukodiwa yangehitaji jibu refu zaidi.

5.0 Soko la Utaalamu baada ya 1991

Mwaka 1991 ulikuwa wa kugeuka njia. Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi, sheria mpya ya mabenki ikafungua sekta ya fedha, na marekebisho ya sheria yakarudisha hospitali binafsi za kibiashara. Katika miaka iliyofuata ofisi za ushauri ziliongezeka, na fani zikajengewa vyombo vya usajili na nidhamu. Bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu ilikuwapo tangu sheria ya 1972. Sheria ya usajili wa wahandisi ilitungwa upya 1997, na uthamini ukapata sheria yake 2016. Vyombo hivyo vina umuhimu kwa historia hii kwa sababu vilimpa mtaalamu binafsi utambulisho ambao zamani ulitokana na cheo serikalini.

Mahakama nayo ilibadilika. Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1999, na kanuni zake za 2012 zikataka ushahidi wa msingi utolewe kwa maelezo ya maandishi yanayowasilishwa kabla ya kusikilizwa kwa shauri. Kwa mtaalamu badiliko hilo lilimaanisha kuwa sehemu kubwa ya kazi yake inakamilika mapema, wakati mwenye shauri hajajua hata tarehe ya kusimama mbele ya jaji. Malipo yanayofuata siku ya kizimbani hayakuendana tena na kazi yenyewe. Ikawa lazima malipo yaifuate kazi hatua kwa hatua.

Nje ya mahakama, usuluhishi wa migogoro ya ujenzi na biashara uliendeshwa kwa Sheria ya Usuluhishi ya 1931 hadi ilipotungwa mpya mwaka 2020. Huko wataalamu walizoea mapatano ya ada kwa saa au kwa hatua. Dar es Salaam iliona pia utaalamu wa kiwango cha kimataifa baada ya serikali kuvunja mkataba wa maji wa City Water mwaka 2005. Katika shauri la Biwater Gauff dhidi ya Tanzania, uamuzi wa Julai 2008 uliona kwamba mkataba wa uwekezaji ulikiukwa, lakini haukutoa fidia yoyote. Kiini cha suala la fidia kilikuwa thamani ya fedha ya mradi ambao tayari ulikuwa katika hali mbaya, na thamani ni kazi ya wataalamu wa hesabu. Funzo kwa wanasheria wa Posta lilikuwa wazi: shauri linaweza kushindwa katika hoja za sheria na bado kuokolewa katika hoja za tarakimu.

Maabara ya serikali nayo iliingia katika mantiki ya ada. Mwaka 1999 ilifanywa wakala, na sheria ya 2016 ikaifanya mamlaka. Sheria ya vinasaba vya binadamu na Sheria ya Mtoto, zote za 2009, ziliweka uchunguzi wa vinasaba katika mizozo ya uzazi, na maombi ya uchunguzi hupita katika mamlaka zinazotambuliwa na sheria, kama vile mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Maabara ambayo mwanzoni ilihudumia dola peke yake sasa inamhudumia pia mama anayedai matunzo ya mtoto, naye hukuta kwamba kipimo kina bei.

6.0 Arubuni: Ulinzi au Rushwa?

Kiswahili cha pwani kina neno arubuni, yaani malipo ya kwanza yanayomfunga mwenye mali asimpe mwingine. Jirani nalo kwa umbo kipo kitenzi kurubuni, ambacho katika matumizi ya leo ni kumshawishi mtu kwa hila. Ukaribu wa maneno hayo unaakisi wasiwasi halisi. Fedha inayotangulia inaweza kuwa dhamana ya kazi, na inaweza kuwa chambo. Ndiyo sababu mtaalamu aliyepokea malipo ya awali hukabiliwa na swali la wakili wa upande wa pili: umelipwa kiasi gani ili useme hayo?

Hata hivyo, uchambuzi wa masharti yenyewe unaonyesha kwamba hatari kubwa zaidi iko kwingine. Mapatano ya kawaida ya mtaalamu binafsi huwa na sehemu tano: malipo ya awali yanayokatwa kadiri kazi inavyofanyika, ada ya kusoma majalada na kukagua eneo, ada ya ripoti, ada ya siku ya mahakamani, na fidia ya siku iliyotengwa shauri likaahirishwa. Kwa mfano wa kubuni, mhandisi amekubaliana na mdai ada ya jumla ya shilingi 6,000,000. Amepokea 1,000,000, na 5,000,000 zinasubiri mwisho wa shauri. Mapatano hayasemi kwamba atalipwa mdai akishinda. Lakini kama mdai hana fedha nyingine isipokuwa anazozidai, mhandisi anajua kwamba deni lake litalipika kwa hukumu ya upande mmoja tu. Kwa jina ni mdai wa deni, kwa hali ni mbia wa shauri. Laiti angelipwa yote kabla ya kupanda kizimbani, asingekuwa na cha kupoteza kwa kusema ukweli usiompendeza aliyemwita.

Sheria inalikataa waziwazi lile la kwanza, yaani ada inayotegemea ushindi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba ya 1961 kinabatilisha mapatano yanayokwenda kinyume na maadili au masilahi ya umma, na ni vigumu kuona jinsi mapatano ya kumlipa shahidi kwa kadiri ya matokeo yanavyoweza kuokoka katika kipimo hicho. Uingereza nayo, katika shauri la Ikarian Reefer la 1993, ilisisitiza kuwa ushahidi wa mtaalamu uwe, na uonekane kuwa, zao lake huru lisiloathiriwa na mahitaji ya shauri. Lakini deni lisilolipwa hupita chini ya kanuni hizo bila kuonekana.

Hapa ndipo umuhimu wa Amri ya XVI unapoonekana upya. Kwa kutaka fedha ziwekwe mahakamani kabla ya wito, na kwa kuruhusu ujira wa kazi ya kitaalamu uhesabiwe humo, kanuni ya 2 kwa hakika ni arubuni iliyowekwa kwa mtu wa tatu asiye na upande. Kanuni ya 4 inakamilisha mpango huo: fedha zikipungua, mahakama inaweza kuagiza nyongeza, na isipolipwa inaweza kuamuru mali inayohamishika ya aliyemwita shahidi ikamatwe, au kumwachia shahidi aende zake. Mtaalamu anayelipwa kwa njia hiyo hamdai mwenye shauri. Kanuni hiyo ilitoka katika sheria ya kikoloni, lakini inajibu tatizo ambalo ukoloni wenyewe, kwa kutegemea wataalamu wake wa mshahara, haukulazimika kulitatua.

7.0 Mzigo wa Asiye na Fedha

Utaratibu wa kulipa kabla ya kazi una udhaifu mmoja usiofichika: unamfaa mwenye akiba. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinaipa mahakama hiari ya kuamua nani abebe gharama za shauri, na kwa desturi aliyeshindwa hubeba. Kwa hiyo ada ya mtaalamu inaweza kudaiwa katika bili ya gharama chini ya kanuni za malipo ya mawakili, zile za 1991 na baadaye za 2015, mbele ya ofisa anayekadiria gharama. Lakini fidia hiyo huja mwisho, humhitaji mshindi awe na risiti za malipo aliyokwisha kuyafanya, na humfaa mshindi tu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliimarisha upatikanaji wa wanasheria kwa wasio na uwezo. Wakili wa msaada bila mtaalamu, katika shauri linalosimama juu ya ripoti ya kitaalamu, ni sawa na mvuvi mwenye ngalawa bila nyavu.

Majanga ya majengo yanaonyesha uzito wa jambo hili. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Katika matukio ya aina hii, chanzo cha anguko ni suala la uhandisi: ubora wa zege, idadi ya nondo, uzito wa ghorofa zilizoongezwa, au uchimbaji chini ya msingi. Uchunguzi wa umma huanza mara moja na hulipiwa na umma. Lakini mfiwa au mpangaji anayetaka kudai fidia kwa jina lake huhitaji maoni yanayojibu swali lake mwenyewe, na mara nyingine huhitaji mtaalamu asiyetoka katika mfumo uleule wa vibali na ukaguzi ambao ndio unaoulizwa maswali. Kifusi kikishaondolewa, ushahidi nao umeondoka. Mtaalamu wa kukodiwa lazima alipwe ndani ya siku chache, wakati familia bado iko matangani.

Kwa mshitakiwa pengo ni lilelile la miaka ya 1920 likiwa na vazi jipya. Anaweza kutaka mkemia ahojiwe, lakini kumhoji mkemia kwa maana kunahitaji mkemia mwingine wa kumwambia wakili swali la kuuliza. Haki ya kuhoji bila uwezo wa kuelewa kinachohojiwa ni haki ya jina.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha vipindi vitatu. Katika cha kwanza, mtaalamu alikuwa mtumishi wa dola ya kikoloni na bei ya ujuzi wake haikuonekana. Katika cha pili, maadili ya ujamaa yaliufanya mshahara mmoja kuwa wajibu, na hati zikashika nafasi ya watu mahakamani. Katika cha tatu, soko lilimrudisha mtaalamu binafsi pamoja na ada zake, malipo yake ya awali na masharti yake. Katika vipindi vyote vitatu sheria ilikuwa na nafasi ya ujira wa kiasi kwa kazi ya kitaalamu, unaotangulia na unaopita mikononi mwa mahakama.

Marekebisho ya sheria ya 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, yanaongeza kazi nyingine katika hesabu hiyo, kwa kuwa ripoti ya uhandisi, hesabu au maabara iliyoandikwa kwa Kiingereza itahitaji kufasiriwa na mtu anayeijua fani, na kazi hiyo nayo ni ya kitaalamu. Mambo mawili yanafuata kutokana na uchambuzi huu. La kwanza ni kwamba mahakama inapotoa wito kwa mtaalamu wa kukodiwa ina msingi wa kutosha wa kukadiria ujira wake na kutaka uwekwe mahakamani, bila kusubiri sheria mpya. La pili ni kwamba kwa asiye na uwezo kanuni hiyo haitoshi bila mfuko wa umma wa kulipia maoni ya mtaalamu, kwa sababu kanuni inayotaka fedha zitangulie humwacha nyuma asiye nazo. Kati ya posho isiyomtosha mtaalamu na ada isiyomudiwa na mwenye haki, hukumu hubaki kutegemea ujuzi wa upande uliokuwa na uwezo wa kuulipia.